Kopo la Sarafu Tulilorithi na Mpangilio Nilioubomoa

Kopo lenyewe lilikuwa la biskuti, la bati, lenye kifuniko kilichoshika kutu pembeni, na kwa miaka yote niliyolifahamu lilikaa juu ya kabati la baba katika nyumba yetu ya Tanga, likiwa limefunikwa kitambaa ili watoto wasilichezee. Tulijua kwamba ndani mlikuwa na "hela za babu", na tulijua pia kwamba hatukuruhusiwa kulifungua. Baba alipofariki dunia na arobaini ikapita, tulikaa na mama, wanawe watatu, kuzungumza habari za mirathi, na kopo hilo likaletwa mkekani pamoja na hati ya shamba. Kaka yangu mkubwa alipendekeza lipelekwe kwa sonara likapimwe kwa uzito, kisha tugawane fedha taslimu, kwa sababu kugawana sarafu mojamoja kwa mafungu ya sharia kungezaa maneno yasiyo na mwisho. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na sikuona sawa kugawa kitu ambacho hakuna aliyekihesabu. Niliomba miezi mitatu ya kuzichambua, nao wakaniridhia.

Kosa kubwa kuliko yote nililitenda usiku uleule. Ndani ya kopo nilikuta vifurushi saba vya vipande vya merikani kuukuu, kila kimoja kimefungwa kwa uzi wa katani, na kwa pupa ya kutaka kuona kilichomo nilivifungua vyote saba, kimoja baada ya kingine, nikavimwaga katika sinia moja kubwa. Sikuandika kifurushi kipi kilikuwa na nini. Sikupiga picha hata moja, na simu ilikuwa pembeni yangu. Ndani ya dakika kumi nilikuwa na rundo la sarafu 317 na vitambaa saba vitupu, na nilijisikia kama mtu aliyeanza kazi vizuri.

Wiki iliyofuata nilizipanga kwa njia ambayo nadhani kila mtu aliyesoma shule angeifuata, yaani kwa serikali iliyozitoa, kisha kwa thamani, kisha kwa mwaka. Nilipata visahani kumi na viwili. Zile kubwa za fedha zenye mwaka 1780 niliziweka peke yake, na nakiri kwamba mwaka huo ulinipandisha moyo, maana nilidhani nimeshika kitu cha miaka zaidi ya mia mbili. Niliposoma nilijifunza kwamba ndizo zile reale zenye sura ya Maria Theresa wa Austria, malkia aliyefariki mwaka huohuo wa 1780, na kwamba ziliendelea kufuliwa kwa sura ileile na mwaka uleule muda mrefu baada ya kifo chake, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uarabuni na pwani yetu walikuwa wameizoea sura hiyo na hawakutaka nyingine. Katika karne ya 20 zilifuliwa hata Rome, London, Paris na Bombay. Kwa hiyo mwaka uliomo juu ya reale hausemi reale hiyo imezaliwa lini.

Zetu zilikuwa tatu. Nilimwomba kijana mmoja wa usonara aniazime mizani yake ndogo, nikazipima. Reale halali ina uzito wa gramu 28.07, na fedha safi ndani yake ni sehemu 833 kwa 1,000. Mbili zilikaribia kabisa uzito huo. Ya tatu ilikuwa na gramu 23 na kitu, na nilipoizungusha ukingo wake chini ya kioo cha kukuzia sikuona maneno ya Kilatini yanayopaswa kuwapo pale, yenye maana ya uadilifu na huruma. Ukingo ulikuwa mtupu. Ni ya bandia, iliyomiminwa kwenye kalibu. Nilihuzunika kidogo, kisha nikakumbuka kwamba babu alikuwa na duka, na mwenye duka aliyeitambua sarafu ya bandia ana sababu njema ya kuiondoa mikononi mwa watu.

Moja ya zile mbili halali ilikuwa na alama ya lehemu juu ya kichwa cha malkia. Mnunuzi mmoja niliyemwonyesha aliniambia mara moja kwamba imeharibika na kwamba kasoro hiyo inaishusha bei. Mama alipoiona aliigusa ile alama kwa kidole, akasema, "Hapa palikuwa na kikuku cha kuningʼinizia. Hii ilikuwa ya mkufu wa bibi yake baba yako." Kuanzia siku hiyo nikaacha kutumia neno kasoro nilipozungumza juu yake.

Sarafu za shilingi ya Afrika Mashariki ndizo zilizokuwa nyingi, na ndizo nilizozifurahia kwa sababu zinasomeka kama daftari. Shilingi yenye simba na milima nyuma yake ilianza kutolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki mwaka 1921, baada ya rupia kuachwa na florini ya mwaka 1920 kudumu kwa muda mfupi tu. Za mwanzo zina robo ya fedha ndani yake, na pale zilipolika sana rangi huelekea umanjano; kuanzia zile za mwaka 1948 fedha haimo tena, ni shaba na nikeli. Katika shilingi za kabla ya hapo mfalme wa Uingereza anaitwa pia mfalme mkuu wa India, kwa kifupi cha Kilatini kinachozunguka kichwa chake. India ilijipatia uhuru mwezi Agosti 1947, na katika shilingi za 1948 maneno hayo yameondoka. Niliziweka mbili pamoja mezani, ya 1946 na ya 1948, nikawaonyesha wanafunzi wangu, na darasa zima likanyamaza, likitafuta kwa macho mahali ambapo India ilikuwa imeandikwa.

Kulikuwa na jambo jingine la namna hiyo katika sarafu zenye tundu. Kumi kati yake, za senti kumi, zilikuwa bado zimetungwa katika uzi wa katani, shilingi nzima katika uzi mmoja, na huo ndio mpangilio pekee ambao mikono yangu haikuuvunja, kwa sababu fundo lilikuwa gumu. Mojawapo ni ya mwaka 1936 na ina jina la Edward wa Nane, mfalme aliyejiuzulu mwezi Desemba mwaka huohuo kabla ya kutawazwa. Huko kwao sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia katika mzunguko, lakini senti tano na senti kumi za kwetu zilikuwa na tundu katikati na hazikuhitaji sura ya mfalme, bali jina tu, kwa hiyo zilifuliwa na kutumika. Mpwa wangu aliposikia habari hiyo alitangaza nyumbani kwamba tumekuwa matajiri. Ilinibidi nimweleze kwamba zilifuliwa nyingi sana, kwamba bado zinapatikana kwa bei ndogo, na kwamba kisa kizuri na bei kubwa ni vitu viwili mbalimbali.

Mpwa huyohuyo, kwa nia njema kabisa, alichukua sarafu tano za shaba nyekundu siku nisiyokuwapo akazisugua kwa ndimu na majivu, kama tunavyosugua vyombo vya shaba kabla ya Idi. Ziling'aa kama mpya. Rangi ya kahawia iliyokuwa imezivaa kwa zaidi ya miaka mia moja iliondoka, na chini ya kioo ukingo wa herufi ulikuwa umejaa mikwaruzo. Hilo halirekebishiki. Nawaomba wote wenye kopo kama letu wasizisugue kwa chochote, wala dawa ya meno, wala siki, wala sabuni ya unga. Sarafu ishikwe ukingoni, iwekwe katika karatasi isiyo na asidi au kifuko cha plastiki ngumu, na isiwekwe katika vile vifuko laini vya plastiki ambavyo baada ya muda huacha utelezi wa kijani juu ya shaba. Sisi tunaoishi pwani tuna adui mwingine, hewa yenye chumvi na unyevu, na vile vipakiti vya chembe zinazofyonza unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya hufaa sana vikiwekwa sandukuni.

Nilipomaliza visahani vyangu nilipeleka orodha na picha kwa mhifadhi mmoja wa makumbusho niliyeelekezwa kwake na mwalimu mwenzangu. Nilitarajia aniulize zipi ni adimu. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Mlipozikuta, zilikuwa zimekaaje?" Nikamweleza habari za vifurushi saba. Akauliza kila kifurushi kilikuwa na nini, nami nikawa sina la kujibu. Hakunilaumu, ila alinisimulia kisa cha mwanajeshi mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, ambaye mwaka 1944 aliokota sarafu tisa kwenye mchanga wa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini kabisa mwa nchi ile. Nne zilikuwa za Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki, na tano zilikuwa vipande vidogo vya shaba vya masultani wa Kilwa. Ni sarafu za thamani ndogo, zilizotumika sokoni kwetu huku, na Kilwa zimepatikana kwa wingi. Kinachowafanya wataalamu wazijadili hadi leo ni mahali zilipookotwa, na mahali hapo panajulikana kwa sababu Isenberg alitia alama ya msalaba kwenye ramani. Bila alama ile zingekuwa vishaba vitano tu.

Nilirudi Tanga nikiwa na uchungu. Alama yangu ya msalaba nilikuwa nimeifuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Niliyoweza kuyatafuta yalikuwa mambo mawili, vitambaa na kumbukumbu za watu. Vitambaa, kwa bahati, nilikuwa nimevitupa kwenye kapu la nguo chafu na havikuwa vimefuliwa. Nilivitandaza uani kwenye mwanga wa asubuhi nikaona kwamba vitatu kati yake vina madoa ya mviringo ya kijani, mahali ambapo shaba ilikuwa imekaa miaka mingi ikiacha kutu yake. Nilipima madoa hayo kwa rula. Katika kitambaa kilichokuwa kikubwa kuliko vyote madoa yote yalikuwa na kipenyo kimoja, kama milimita 25, na hakukuwa na doa la ukubwa mwingine.

Nilijaribu kujua ni sarafu zipi kati ya zile za visahani vyangu zina kipenyo hicho, nikitegemea kupata aina moja. Nilipata nne. Kulikuwa na pesa, yaani ile sarafu ndogo ya shaba iliyoitwa kwa jina hilo, ya Zanzibar ya Sultani Barghash bin Said, yenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria, ambao ni 1882 kwa hesabu ya Miladia. Kulikuwa na pesa ya mwaka 1888 yenye jina la Mombasa na la kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala huko, nayo ina mizani vilevile. Kulikuwa na pesa ya kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, yenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, za miaka 1890 hadi 1892. Na kulikuwa na robo ana ya India yenye sura ya Malkia Victoria. Serikali nne, visahani vinne vilivyotengana mezani kwangu, na zote zina upana mmoja na uzito unaokaribiana, gramu sita na nusu hivi.

Niliamua kwenda Pangani kwa shangazi, dada yake baba, ambaye ndiye pekee aliyebaki katika kizazi chake na ambaye alikulia katika duka la babu. Nilizichukua sarafu zote za aina hizo nne, kila aina katika bahasha yake. Baada ya shikamoo na habari za wagonjwa na chai, nilizimwaga mbele yake katika mafungu manne. Aliyatazama kwa muda, kisha akaninyooshea kidole.

"Mbona umezitenga, mwanangu?"

Nikamwambia kwamba hizi ni za Sultani, hizi za Mombasa, hizi za Wajerumani, na hizi za Bara Hindi.

"Hizo zote ni pesa," akasema. "Zilikuwa kifurushi kimoja. Babu yako alikabidhiwa na baba yake, akaambiwa asizichanganye na nyingine wala asizitenge, kwa kuwa hizo ni rupia."

Nilidhani umri umemchanganya, maana rupia ni sarafu ya fedha na hizi zilikuwa za shaba. Sikumpinga, kwa adabu. Nilimwuliza majina mengine, naye akanitajia ndururu kwa senti tano, peni kwa senti kumi, na sumuni kwa senti hamsini, akifurahi kuyatamka. Sumuni ni neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya nane, na mtu atajiuliza inakuwaje senti hamsini ziitwe moja ya nane ya kitu, mpaka akumbuke kwamba katika hesabu ya zamani reale ilikuja kuhesabiwa rupia mbili, na rupia ikawa shilingi mbili. Nane mara hamsini ni shilingi nne. Jina liliitoka reale likaishi ndani ya shilingi, kama vile hela ya Wajerumani, iliyokuja na hesabu mpya ya mwaka 1904, ilivyotoweka sokoni ikaacha jina lake kwa fedha zetu zote.

Ilikuwa ndani ya basi la kurudi Tanga nilipoanza kuzihesabu upya kichwani. Nilikuwa na orodha. Za Barghash 21. Za Mombasa 6. Za Wajerumani 26. Za India 11. Jumla yake ni 64.

Ana kumi na sita hufanya rupia moja, na kila ana ina robo nne, na pesa moja ni robo ana. Pesa 64 ni rupia. Wakati wa kampuni ya Wajerumani hesabu ilikuwa hiyohiyo, na ya Mombasa hiyohiyo, na ya Zanzibar hiyohiyo, kwa kuwa wote walifuata kipimo cha India ili sarafu zao zipokewe na watu waliokuwa tayari wanakijua. Baba wa babu yangu, akiwa nyuma ya meza yake ya duka karibu na mto Pangani, hakuwa na haja ya kuuliza pesa imetoka kwa nani. Ilipotimia idadi aliifunga katika kitambaa. Katika mji uleule, mwezi Agosti 1888, bendera ya kampuni hiyo ya Wajerumani ilipandishwa kwa nguvu na watu wakainuka pamoja na Bushiri bin Salim, ambaye alinyongwa hapohapo Pangani mwezi Desemba 1889. Na miaka michache baadaye pesa za kampuni hiyo zililala ubavu kwa ubavu na pesa za Sultani ndani ya kipande kimoja cha merikani. Mimi ndiye niliyezitenganisha tena, kwa bendera.

Jambo jingine lilifuata lenyewe. Sarafu iliyo changa kuliko zote katika kifurushi ndiyo inayoonyesha kwamba hakikufungwa kabla ya mwaka gani. Kati ya zile 64, changa kuliko zote ni robo ana ya mwaka 1901, na hakuna hela hata moja. Mwaka 1904 Wajerumani waliigawa rupia kuwa hela 100, na hesabu ya 64 ikaanza kufa. Kwa hiyo naamini kifurushi kile kilifungwa katikati ya miaka hiyo, na mtu aliyejua kwamba rupia ya namna hiyo haitahesabiwa tena.

Nilipowaeleza mama na ndugu zangu, kaka yangu ndiye aliyesema kwanza kwamba kifurushi hicho kisigawanywe. Mambo mengine yalikwenda upesi. Thamani ya sokoni ya sarafu nyingi, tulipoitafuta kwa watu wanaoaminika, ilikuwa ndogo kuliko wengi wetu tulivyotarajia. Mbili za hela ishirini zilizofuliwa Tabora mwaka 1916, zenye herufi T, wakati Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na hawapati sarafu kutoka kwao, ndizo zilizoulizwa zaidi. Kila aliyesikia neno Tabora alituuliza kama tunayo ile ya dhahabu yenye tembo. Hatunayo. Tuligawana shilingi na senti kwa mafungu yetu, mama akachukua reale ya mkufu, na shilingi iliyotungwa katika uzi akapewa mpwa wangu kwa sharti kwamba asilifungue fundo.

Zile pesa 64 sasa kila moja iko katika karatasi yake, yenye namba na uzito, zote ndani ya kisanduku kimoja kilichoandikwa "Rupia moja, Pangani". Kitambaa chenye madoa kimekunjwa juu yake. Vitambaa vingine viwili vyenye madoa nimevilinganisha na sarafu kwa kadiri madoa yalivyoniruhusu, na nimeandika penye hakika na penye kukisia. Vinne vilivyobaki havina doa lolote. Nimevirudisha ndani ya kopo la biskuti, pamoja na nyuzi zake za katani na karatasi yenye tarehe ya usiku ule nilipovifungua.